Umeme kwenye SGR ya Mombasa–Nairobi: pima kimo kabla ya kuchimba mashimo ya nguzo

Tangu treni za umeme za Tanzania zianze kubeba abiria mwaka 2024, swali halikauki Kenya: mbona yetu bado yanywa dizeli? Kule nyaya zilijengwa pamoja na reli. Huku zitawekwa juu ya reli inayopitisha treni tangu 2017, na kinachosumbua kwanza wala si bei ya shaba.

Ni kimo. Waya wa kawaida hukaa kama mita 5.5 juu ya reli. Kontena moja ina kimo cha mita 2.6, zile ndefu 2.9. Pandanisha mbili, ongeza kama mita 1 ya sakafu ya behewa, umefika mita 6.2 hadi 6.8, na bado lazima ibaki nafasi ya hewa ili kilovolti 25 zisiruke. India, kwenye njia zake za mizigo, imepandisha waya hadi karibu mita 7.5 na kutumia pantografu ndefu (mkono wa juu ya treni unaogusa waya kuchota umeme). Basi uamuzi wa kupandanisha kontena au kutopandanisha utangulie, kwa sababu kila daraja linalovuka juu ya reli litapimwa kwa jibu hilo.

Linalosahaulika ni ishara. Mkondo wa umeme wa treni hurudi kwenye kituo cha umeme kupitia reli zilezile ambazo mitambo ya ishara inaweza kuzitumia kujua treni iko wapi. Mitambo isiyostahimili hezi 50, yaani mtetemo wa umeme wa gridi, itaona treni pasipo na treni au, vibaya zaidi, isiione iliyopo. Ama ibadilishwe, ama viwekwe vihesabu-ekseli, vifaa vinavyohesabu ekseli za treni zinapopita. Nguzo, uzio na paa za chuma za stesheni nazo zifungwe kwenye ethi, waya unaopeleka umeme ardhini, la sivyo abiria atapigwa shoti kwa kushika geti tu.

Vituo vya kupooza umeme huwekwa kila kilomita 50 hivi, kwa hiyo njia ya kilomita 470 inataka tisa au kumi. Mfumo wa transfoma za kati, zinazopangwa kando ya njia na kutumia kilovolti 25 mara mbili, huvipunguza. Kila kituo huchota fezi mbili tu kati ya tatu za gridi (nyaya zake tatu za umeme), kwa hiyo vipokezane fezi ili mzigo usiegemee upande mmoja. Mpakani mwa vituo waya huachwa bila umeme: dereva asipokata mkondo kabla ya kupita, cheche huila pantografu. Na msicheke habari za ngedere na ndege. Mnyama mmoja akigusa waya na chuma cha nguzo kwa pamoja, swichi hukatika na treni husimama.

Je, betri? Treni ya tani 4,000 ikipanda mita 1,500 kutoka pwani inahitaji zaidi ya megawati-saa 16 kwa mlima peke yake. Msuguano waongeza kama 10. Kwa wati-saa 120 kwa kilo, hizo ni zaidi ya tani 200 za betri. Sahau. Umeme unaorudishwa na breki mteremkoni nao usihesabiwe mno: shehena nzito hupanda, behewa tupu hushuka.

Betri zinafaa treni za mjini Nairobi, zenye safari fupi na vituo vingi. Jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, limeziendesha tangu 2023, zikichajiwa chini ya vipande vifupi vya waya. Huku ningeweka kipande kimoja Nairobi kati, ambako treni zote hugeuzia, na cha pili mwisho wa tawi refu kuliko yote.