Laptopu mbili, waya mmoja, na anwani iliyokuwa inapotea

Laptopu yangu ya zamani hapa steshenari, Nyegezi jijini Mwanza, ilikuwa imebakiwa na matundu ya USB tu. Wi-Fi ilishakufa, na tundu la kebo ya mtandao lilivunjika siku mtoto wa mteja alipojikwaa kwenye waya. Ndani mna GB 40 za picha za pasipoti na kazi za wanachuo, nilitaka kuzihamishia kwenye laptopu mpya, na flashi yangu ni ya GB 8.

Nikaenda sokoni Makoroboi, nikauziwa waya wa elfu tano wenye kichwa kilekile pande zote mbili. Bahati yangu nilimpitia fundi mmoja kabla ya kurudi.

"Kaka, huo usichomeke. Kila laptopu inatoa umeme wa volti 5, unataka uzigonganishe?"

Akanieleza kwamba kwenye USB lazima mmoja aamrishe na mwingine atii, na laptopu zote mbili zinataka kuamrisha. Mafahali wawili, zizi moja. Dawa yake ni waya wenye kichipu katikati, kwenye kivimbe kama kiberiti, ambacho kila upande unakiona kuwa ni kifaa cha kawaida. Akachakura boksi la mabaki, akanitolea mmoja.

Jioni nikachomeka. Zote zina Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, ikaonyesha 067b:25a1, namba ya kile kichipu; draiva yake, plusb, ikajiwasha yenyewe, na kwenye ile ya zamani ukatokea mlango wa mtandao uitwao usb0. Nikaipa anwani ya mtandao 192.168.50.1, laptopu mpya nikaipa 192.168.50.2. Nikapiga ping, yaani kuiita laptopu ya pili nione kama inasikia, ikajibu! Nikaenda kumimina chai. Kurudi, kimya.

Nikaweka anwani upya, ikajibu, ikakata. Nikahamisha tundu. Nikashika kile kivimbe nione kama kinachemka. Nikamlaumu fundi wa watu kimoyomoyo. Mara ya nne ndipo nikawasha saa ya simu nikahesabu: sekunde 45 hivi. Ya tano, vilevile. Hapo nikaacha kuushuku waya, maana waya mbovu hukata ovyo, hauangalii saa.

Nikaandika ip addr, amri ya kuonyesha anwani. Usb0 ipo, iko hai, ila anwani haipo. Kumbe NetworkManager, programu inayosimamia mtandao kwenye Linux, ilikuwa inaomba anwani kwa DHCP, utaratibu wa kugawiwa anwani na mashine nyingine, na upande wa pili nao unaomba, kama majirani wawili wanaopigiana hodi kuazima chumvi. Hakuna wa kugawa. Sekunde 45 zikiisha inakata tamaa, na ile anwani niliyoweka kwa mkono inaondoka nayo.

Basi nikaiagiza NetworkManager rasmi, kwa amri yake ya nmcli, itumie anwani yangu daima:

nmcli con add type ethernet ifname usb0 ip4 192.168.50.1/24

Kwenye mpya nilihangaika kidogo, kwa sababu Ubuntu, aina ya Linux iliyomo humo, ilibadilisha jina usb0 kuwa refu linaloanza na enp, na jina hilo linafuata tundu. Ukihamia tundu jingine, jina jingine, mipangilio haifanyi kazi. Nikapaka tone la wino wa kufutia pembeni mwa tundu lenyewe ili nisikosee.

Ping ikapita dakika kumi bila kukata. Nikawasha rsync, programu ya kunakili mafaili, nikafunga duka saa nne usiku mafaili yote yakiwa yamevuka. Ule waya wa elfu tano uko kwenye droo. Nimeupiga fundo, asije kijana wangu wa dukani akauchomeka.