Risiti Zilizosalia: Gharama ya Kupimwa ADHD Nikiwa na Miaka 41

Kila anayesikia kwamba nilipimwa ADHD, yaani hali ya kushindwa kushika umakini na kutulia, ukubwani huniuliza kwanza nililipa shilingi ngapi, na hadi juzi nilikuwa nikijibu kwa kubahatisha. Juma lililopita niliketi sakafuni na mfuko ninaotilia risiti, nikazipanga kwa tarehe, na jumla niliyoipata ni shilingi 39,300. Hiyo ni jumla ya risiti zilizosalia. Najua ziko mbili ambazo sikuziona, na aliyewahi kuishi na hali hii hatashangaa kwamba hesabu ya kumpima mtu anayepoteza vitu ina mapengo kwa sababu mtu huyo amepoteza vitu.

Mimi ni mfasiri, ninaishi Mombasa, na sina mwajiri wala bima ya kazini. Mchango wangu wa SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ninautoa wa mwaka mzima kwa mkupuo kama inavyotakiwa kwa sisi tusio na mshahara. Wenzangu hulilalamikia jambo hilo, lakini mimi, kusema kweli, hulifurahia, kwa kuwa deni la mara moja kwa mwaka nalikumbuka kuliko deni la mara kumi na mbili. Kliniki nilizoishia kwenda, hata hivyo, zilikuwa za binafsi, na zote nilizilipa kutoka mfukoni mwangu.

Sikuanzia huko. Nilianzia hospitali ya umma, nikapewa miadi ya wiki sita mbele kwenye kikaratasi nilichokibandika mlangoni mwa friji. Nilikuja kukisoma siku mbili baada ya tarehe yake kupita, kikiwa palepale nilipokibandika, mahali ninapopita mara ishirini kwa siku. Ada ya kumwona daktari pale ingekuwa ndogo kuliko nauli yangu ya tuktuk kwa wiki moja. Hapo ndipo nilipoanza kuiona kanuni ambayo baadaye niliikuta katika kila risiti: njia ya bei nafuu hudai kumbukumbu, subira ya foleni na karatasi zilizotunzwa, na asiye na hivyo hutozwa fedha taslimu badala yake.

Hatua iliyofuata haikunigharimu kitu. Shirika la Afya Duniani lina hojaji ya maswali 18 kwa ajili ya watu wazima, ambayo sita ya mwanzo ndiyo ya kuchuja, na yeyote anaweza kuipata bila malipo. Niliijaza saa saba usiku nikiikimbia kazi iliyotakiwa asubuhi, na katika yale sita nilijikuta nimetia alama upande wa hatari kwa matano. Hojaji hiyo haimpi mtu jina la ugonjwa. Asiyelala vizuri, mwenye sonona au mwenye tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa anaweza kujaza visanduku vilevile, na ndiyo sababu shilingi 4,200 nilizolipa maabara kwa vipimo vya damu na tezi sizijutii hata kidogo, ingawa majibu yote yalikuwa mazuri.

Ninazozijutia ni 12,000. Mwanasaikolojia wa kwanza, ambaye kumwona tu kulikuwa 3,500, aliniuzia pia kipimo cha kompyuta: unakaa mbele ya kioo kwa robo saa hivi, herufi zinapita moja moja, nawe unabonyeza kitufe kwa kila herufi isipokuwa X. Nilikifanya kwa ari ya mtoto aliyepewa mchezo mpya, na majibu yakaja kwamba umakini wangu ni wa wastani. Miezi miwili baadaye daktari wa magonjwa ya akili aliniambia kwamba kipimo cha namna ile hakiwezi peke yake kuthibitisha ADHD wala kuiondoa, kwa sababu wengi wetu hutulia kabisa mbele ya jambo geni linalodumu muda mfupi. Kwa hiyo ikiwa unajiandaa kupimwa, uliza mapema kila kipimo kinaamua nini, na kile ambacho hakiamui kitu kiache.

Daktari huyo alikuwa Nairobi. Nilikata tiketi ya treni ya mchana, daraja la kawaida, shilingi 1,500, na nikaweka kengele mbili kwenye simu. Kengele zililia, nikazizima, nikasema namalizia aya moja tu ya kazi niliyokuwa nayo. Nilipofika kituoni Miritini lango lilikuwa limefungwa. Nilipanda basi la usiku kwa 1,600, nikaingia Nairobi alfajiri na miguu iliyovimba, nikalala saa tatu kwa shoga yangu Eastleigh ambaye malipo yake yalikuwa kilo mbili za korosho. Nilirudi kwa treni, 1,500 nyingine. Ukiitazama hesabu yangu ya nauli utaona kwamba theluthi yake ni bei ya aya ile moja.

Kikao cha kwanza kilichukua saa moja na nusu na kilikuwa 6,000. Nilitarajia mashine, nikakuta mazungumzo. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotumiwa kuthibitisha ADHD, na kinachonunuliwa ni muda wa mtu aliyesomea kuuliza. Kwa mujibu wa mwongozo wa Marekani uitwao DSM-5, wa mwaka 2013, mtu mzima awe na dalili tano au zaidi kati ya tisa za kundi moja, zionekane mahali pawili au zaidi, kazini na nyumbani kwa mfano, ziwe zinamvuruga kweli, na kadhaa kati yake ziwe zilijitokeza kabla hajatimiza miaka 12. Sharti hili la mwisho ndilo gumu. Mtu wa miaka 41 atathibitishaje alivyokuwa na miaka tisa?

Aliyeniokoa ni mama yangu, ambaye hajawahi kutupa karatasi yenye muhuri. Katika mkebe wa biskuti, chini ya kadi zetu za kliniki, zilikuwamo ripoti zangu zote za shule ya msingi. Ya darasa la nne, 1994, muhula wa kwanza, ina nafasi ya 3 kati ya wanafunzi 52, na ya muhula wa pili ina nafasi ya 29. Chini yake mwalimu wa darasa ameandika kwa wino wa kijani: "Ana akili lakini hatulii. Amepoteza vitabu vitatu." Daktari aliisoma mara mbili, akaniomba aipige picha.

Kikao cha pili, 5,000, kilifanywa kwa simu, mama akiwa kwake Kuze na simu imewekwa sauti ya juu. Hojaji ya mzazi ilikuwa ya Kiingereza na daktari akawa anaifasiri papo hapo, nami nikawa nauma ulimi nisimsahihishe. Alimuuliza kama nilikuwa nikipoteza vitu.

"Kupoteza?" Mama alicheka. "Huyu nilimshonea mfuko wa chuoni, nikautia kamba nikamvika shingoni usipotee. Akarudi na kamba shingoni, mfuko hana."

Daktari naye akacheka, kisha akauliza kama aliwahi kufikiri kwamba mtoto huyu ana tatizo. Mama akanyamaza kidogo. "Hakuwa mgonjwa, daktari. Alikuwa na mapepe tu, kama babake."

Neno hilo nimelifikiria sana kwa sababu ya kazi yangu. Mapepe, utukutu, uchachari: maneno ya hali hii tunayo tele, ila yote ni ya kukemea, na hakuna mojawapo ambalo mtu anaweza kulipeleka kwa daktari bila kwanza kujishitaki. Baba alikuwa fundi wa redio Mwembe Tayari. Meza yake ilijaa redio zilizofunguliwa, na wako wateja waliofuata redio moja kwa miaka miwili, wasimkasirikie kwa kuwa alikuwa na maneno matamu. Alifariki mwaka 2009. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba asilimia 70 hadi 80 ya tofauti baina ya watu katika hali hii hutokana na urithi, na nilipomweleza mama hivyo siku ya pili yake aliuliza tu, "Kwa hivyo babako wangempima, wangemkuta nayo?" Nikasema huenda. Akasema, "Na mimi nikimwita mvivu," akaenda kuitazama sufuria.

Ripoti ya maandishi ililipiwa kando, 4,000, na hiyo ndiyo iliyofikisha 39,300. Sidhani kwamba daktari alinionea. Madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache Kenya na wengi wao wako Nairobi, na jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwenye mtoto ana mlango mwingine wa kubisha: vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, EARC, ambavyo vilianza mwaka 1984, na ninawashauri wazazi waanzie huko kabla ya kukopa fedha za kliniki ya binafsi. Sisi wakubwa tulioponyoka utotoni hatukujengewa kituo cha namna hiyo.

Baada ya kupimwa huja dawa, na hiyo hailipwi mara moja. Mimi natumia methailifenideti, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, ambaye jina la biashara la Ritalin alilitoa kwa mkewe Rita. Imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo haiuzwi bila cheti cha daktari, na si kila kemisti anayejisumbua kuiweka. Shirika la Afya Duniani liliombwa liitie katika orodha yake ya dawa muhimu, likakataa mwaka 2019 na tena 2021, na orodha hiyo ndiyo ambayo nchi nyingi huitazama zinapopanga dawa za kununuliwa na serikali.

Kanuni ile ya friji iko hapa pia, tena waziwazi kuliko kwingineko. Vidonge vya kazi fupi, vinavyofanya kazi kwa saa chache, nilivinunua kwa 2,200 kwa boksi la vidonge 30, na kwa kuwa humezwa asubuhi na adhuhuri nilihitaji maboksi mawili kwa mwezi, yaani 4,400. Vya kazi ndefu, ambavyo humezwa mara moja tu asubuhi, vilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo. Angalia basi jambo lenyewe: mtu aliyepimwa akakutwa na tatizo la kusahau anauziwa kwa bei nafuu dawa ambayo lazima aikumbuke mara mbili kwa siku. Mwezi wa kwanza ulipokwisha nilikuwa na vidonge 17 vya adhuhuri ambavyo havikuguswa.

Mwezi wa Ramadhani haukunipa hiari. Cha adhuhuri hakimezeki na saumu, na kukimeza baada ya futari ni kukesha hadi daku, kwani dawa hii hufukuza usingizi kama inavyofukuza njaa. Nilizungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, akanibadilishia kwa siku hizo kuwa vya kazi ndefu, kimoja wakati wa daku. Katika bajeti yangu ya Ramadhani, kati ya tende na unga wa kaimati, paliongezeka mstari mmoja uliozidi mistari mingine yote.

Gharama za zamani hazina risiti na sitajaribu kuzijumlisha. Baadhi zina bei inayojulikana: faini ya mtu binafsi kuchelewa kuwasilisha ritani ya kodi baada ya tarehe 30 Juni ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi, iliyo kubwa kati ya hizo, nami nimeilipa miaka mitatu, mwaka mmoja wapo nikiwa nimeijaza fomu yote na sikubonyeza kitufe cha mwisho. Kitambulisho nimekibadilisha mara tatu, na askari wa dawati la abstrakti, ile hati ya polisi ya kuthibitisha kwamba kitu kimepotea, alinijua kwa jina. Sufuria nilizounguza hazihesabiki. Wanangu walikua wakidhani kwamba wali usio na ukoko haujaiva.

Jambo moja tu halikuwahi kunigharimu, nalo nililiona baada ya kupimwa. Katika swala, mwenye kushikwa na shaka amesali rakaa ngapi hushika idadi ndogo aliyo na yakini nayo, akakamilisha, kisha akasujudu mara mbili kabla ya kutoa salamu. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba sijda ya kusahau katika nyumba yetu imekuwa sehemu ya swala. Faini hakuna, wala siku mpya ya miadi baada ya wiki sita. Kosa hurekebishwa palepale ulipoketi.

Kwa sasa nimerudi kwenye vidonge vya kazi fupi kwa sababu ya bei, na tatizo la cha adhuhuri limetatuliwa bila mimi kulipanga. Kinamezwa pamoja na chakula, na mama, ambaye hadi leo hapendi kulitamka neno dawa, hunipigia simu kila siku saa saba kasoro dakika kumi. Haulizi nimemeza au sikumeza. Huuliza, "Ushakula?" nami huondoka mezani kwenda jikoni, simu ikiwa sikioni, kwa sababu nikiikata kwanza nitasahau nilikuwa nakwenda wapi.