Mifupa ya ng'ombe kwenye ndoo yangu ya maji

Kila niliyemwambia maji yetu yana floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, alinijibu neno moja: chemsha. Mwalimu chemsha, mama mkwe chemsha, hata muuza dawa. Nikachemsha miaka miwili. Kumbe floraidi haiondoki na mvuke! Maji yanapungua sufuriani, yenyewe imebaki palepale, kwa hiyo nilikuwa nawanywesha wanangu maji mabaya kuliko ya bomba, na kuni nimenunua.

Tuko Arumeru, chini ya Mlima Meru. Miamba ya volkano ndiyo inayoitoa, na huku mtu akicheka unajua alikokulia. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yetu maabara ilisoma 6.8. Meno ya Neema yalishakuwa ya kahawia, hayo basi tena. Mdogo wake alikuwa na miaka mitatu, meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi. Hayo ndiyo niliyopigania.

Nikaanza na mkaa wa kawaida. Maji yakatoka maangavu, nikajisifu kwa majirani. Maabara: 6.7. Mkaa una vitundu vingi kweli, ila vinanasa harufu na rangi. Floraidi ilivipita kama basi lisilo na abiria wa kushuka.

Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floraidi alinicheka sana. "Baba Neema, floraidi inapenda mfupa. Si ndiyo maana inakimbilia meno ya mtoto? Basi ipe mfupa wa ng'ombe kwanza."

Mwenye bucha alinipa gunia kwa elfu tatu, nne hivi, akidhani nafuga mbwa. (Ni bucha la Waislamu, nilihakikisha, maana jirani zangu nao huchota kwangu.) Nikachoma shimoni jioni moja. Harufu yake, jamani! Mbwa wa kitongoji kizima walijipanga nje ya uzio. Bibi wa jirani akapaza sauti, "Baba Neema, unachoma nini usiku huu?" "Mifupa, bibi." Kimya. Kisha, "Ya nani?"

Mifupa ilitoka myeusi tii, nikaitwanga, nikamimina maji. Yakatoka ya njano, yananuka supu iliyolala. Mke wangu alinusa kikombe, akakirudisha mezani, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Kwa hasira, mara ya pili nikachoma kwa moto wa wazi kutwa nzima. Ikawa myeupe kama chokaa, nikaona nimeshinda. Maabara: 4.3. Moto ukizidi vitundu vinajifunga, na kazi yote iko kwenye kuta za vitundu hivyo. Gramu moja ya mfupa uliochomwa vizuri, ukiweza kukunjua kuta zake zote, unapata kama mita za mraba 100. Floraidi inakaa hapo, kwenye madini yaleyale yaliyojenga jino, kila moja na nafasi yake.

Sasa ujanja wangu. Chukua pipa la chuma lenye mfuniko, jaza mifupa mikavu isiyo na mafuta, ziba kingo kwa udongo wa mfinyanzi, acha tundu moja la upana wa kidole cha mwisho. Moto uwe nje ya pipa. Kituoni wanasema nyuzi 400 hadi 500. Mimi sina kipimo, natazama moshi. Ukianza kuwa mwembamba, acha kuchochea, nenda kalale. Usifungue! Nilichungulia mara moja saa nne usiku, hewa ikaingia, nikaamka na majivu. Mfupa unaotakiwa ni wa kijivu, kwa mbali kahawia. Twanga uwe chenga za ukubwa wa mchele. Unga unaziba koki ya ndoo.

Maabara: 0.9. Karatasi ile nimeibandika jikoni, mama mkwe akija aione.

Ndoo inabeba kilo nane hivi za mfupa, tunachota lita ishirini kwa siku, za kunywa na kupikia tu. Nafasi zikijaa ulimi hautakwambia, ladha ni ileile. Mwezi wa tano tangu niujaze nilipima nikakuta 2.1. Siku hizi naandika tarehe kwenye ndoo, nabadilisha mfupa kila baada ya miezi minne, na siku ya pipa naitangaza mapema ili watu waanue nguo.