Safu ya Chai

Mwaka 2019 nilikuwa nasomea uzamili Dar es Salaam, utafiti wangu ukihusu saratani ya umio. Ugonjwa huu umeshika ukanda mrefu wa mashariki mwa Afrika, toka Ethiopia hadi Malawi na kuendelea kusini, lakini data za jeni za wagonjwa wetu zilikuwa haba. Msimamizi wangu akaniambia, "Binti, anza na zilizopo. Mafaili ya jeni yaache, yatakumalizia bando. Pakua metadata kwanza, yaani taarifa zinazowaelezea wagonjwa wenyewe."

Usiku ule nikaingia Genomic Data Commons, hazina ya data za saratani iliyofunguliwa Marekani mwaka 2016. TCGA, mradi wa Marekani wa kuchora ramani ya jeni za saratani, una wagonjwa 185 wa umio humo. Mafaili mengi ya jeni zao yanahitaji kibali, ila taarifa za kitabibu ziko wazi kwa yeyote. Nikabonyeza, likashuka faili dogo ambalo bando halikulisikia.

Ndani mlikuwa na mistari mingi kuliko watu. Mgonjwa mmoja alijirudia, mstari wa dawa na mstari wa mionzi, ikabidi niwaunganishe kwa namba zao. Penye pengo pamewekwa vistari viwili, na mapengo hayakuwa machache. Umri ulihesabiwa kwa siku: mtu wa miaka 60 anaandikwa 21,915. Nilicheka peke yangu. Bibi yangu mzaa mama anajua tu kwamba alizaliwa mwaka wa nzige.

Safu ya aina ya uvimbe ndiyo iliyonipunguzia watu. Karibu nusu walikuwa na saratani ya umio inayoanzia kwenye seli za tezi, ambayo watafiti wa TCGA walionyesha mwaka 2017 kuwa kijeni inafanana zaidi na saratani ya tumbo kuliko na aina nyingine ya umio, ile ya seli bapa zinazofunika ukuta wake wa ndani. Kwetu inayotawala ni hiyo ya seli bapa. Wa tezi nikawaweka kando. Katika safu ya asili, watu weusi hawakujaza vidole vya mikono yangu miwili.

Nikafungua jedwali la mazoea ya maisha. Sigara zipo, kwa siku na kwa miaka. Pombe ipo. Nikasogeza mpaka safu ya mwisho, nikarudi mwanzo. Miaka mitatu nyuma, IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lilikuwa limetangaza kuwa vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 za Selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio.

"Shikamoo Dokta. Chai haimo," nilimwandikia msimamizi wangu.

Jibu lilikuja alfajiri: "Marahaba. Hawakuuliza, kwa hiyo hutaipata. Njoo na dodoso lako."

Dodoso langu nalo lilikuwa na sigara na pombe tu, kama yalivyo mengi. Tukaongeza: chai inanywewa ikiwa ya moto kiasi gani, na ikishamiminwa inasubiri muda gani. Yeye akadai tuulize na aina ya kikombe, maana cha bati kinaunguza midomo kabla ya koo, na mnywaji hulazimika kungoja.