Mia na Arobaini

Kuna bibi mmoja wa kijiji cha Liaoning, kaskazini mashariki mwa China, aliyekaa karibu wiki nzima bila kugusa achari yake ya kabichi kwa kosa langu. Sikumpa dawa isiyo yake wala sikumchoma sindano pasipostahili. Nilikosea tarakimu ya mwisho ya namba moja, tena nikiwa macho, miwani puani, zebaki ya kipimo cha presha iko mbele yangu.

Ilikuwa Novemba 2016. Nilikuwa mwaka wa sita wa udaktari mjini Shenyang, mwaka ambao wanafunzi wa kigeni tunatolewa madarasani tulikofundishwa kwa Kiingereza na kutupwa wodini, ambako mgonjwa hajui Kiingereza wala hana haja nacho. Kichina changu kilitosha kuagiza chakula na kuuliza "unaumwa wapi, tangu lini". Jibu likija kwa lafudhi ya huko, naishia kutabasamu tu. Kwa hiyo kaka mmoja wa idara yetu aliponiomba nikamsaidie kupima presha vijijini, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Presha haitaki maneno mengi.

Nasema kaka kwa sababu ndivyo wanavyosema wenyewe. Wanafunzi wa mwalimu mmoja ni ndugu, na aliyekutangulia ni shixiong wako, kaka kwa upande wa mwalimu, kama vile mmenyonya ziwa moja. Shixiong wangu alikuwa anamalizia shahada ya uzamili. Utafiti wake ulihusu wazee wa miaka 60 na kuendelea, presha zao na chumvi wanayokula. Swali lilikuwa na mizizi pale pale. Baridi ya Liaoning hairuhusu kitu kuota miezi mingi, na tangu zamani mboga ya msimu huo ni ile iliyotiwa chumvi baada ya mavuno: kabichi zinazochachuka ndani ya mitungi mirefu kama kijana wa darasa la tatu, juu yake jiwe la kuzikandamiza. Na kiharusi nchini China ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watu wengi kuliko yote.

Utaratibu ulikuwa mwepesi kwenye karatasi. Mzee akae dakika tano ametulia, mkono uwe usawa wa moyo, apimwe mara mbili kwa kupisha dakika moja au mbili, wastani uandikwe. Mwenye 140 kwa 90 kwenda juu aingie kundi la presha. Aliye chini ya hapo aingie kundi la kulinganishia. Kila mmoja aondoke na taulo.

Tulifika Jumamosi asubuhi na basi la kukodi. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, magunzi yamerundikwa kando ya kuta. Zahanati ya kijiji ilikuwa vyumba viwili na jiko la makaa katikati, na mwenyeji wetu alikuwa daktari wa kijiji, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyeanza kazi ujanani enzi za wale walioitwa madaktari pekupeku, wanakijiji waliopewa mafunzo mafupi ya tiba. Jina hilo lilifutwa rasmi mwaka 1985. Waliofaulu mtihani wakaitwa madaktari wa vijiji na kazi ikaendelea. Kabatini mwake kulikuwa na faili la kila kaya. Tangu mageuzi ya afya ya 2009, kila mgonjwa wa presha kijijini anapaswa kufuatiliwa angalau mara nne kwa mwaka, na anayefuatilia ni huyo huyo mzee, na baiskeli yake ya umeme. Alitutazama tukishusha masanduku kama mtu anayetazama wageni watakaomwachia vyombo vya kuosha.

Wazee walikuja kwa wingi. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba kwenye wino mwekundu na kulibandika kwenye fomu ya ridhaa, kisha wakaja kukaa mbele yangu na dole bado jekundu. Shughuli ikawa kuvua nguo. Koti la pamba, sweta, sweta jingine, fulana ya mikono mirefu. Wengine walipandisha mikono ya nguo tu, ikabana begani kama kamba, na mimi nikaanza kuona aibu kuwavua watu wazima kwenye baridi ile.

Sasa niseme jinsi ya kupima kwa zebaki, maana hapo ndipo lilipo kosa. Unabana puto la mpira, uzi wa zebaki unapanda kwenye kioo. Unalegeza koki, uzi unashuka, nawe unasikiliza kwa stetoskopu kwenye kiwiko. Mdundo wa kwanza ndio presha ya juu. Midundo ikizimika, hiyo ni ya chini. Zebaki ishuke milimita mbili kwa sekunde, si zaidi. Kutoka 180 hadi 70 ni karibu dakika nzima ya kukaa kimya, umeinama, huku chumba kizima kinaongea na mlango unafunguliwa kila mara na upepo wa Novemba. Ukiwa na watu hamsini kwa siku, kila mmoja mara mbili, vidole vimekufa ganzi, dakika hiyo ni ndefu. Kufika saa nne nilikuwa nafungua koki kidogo zaidi. Kufika mchana zebaki ilikuwa inateremka kama maji bombani. Mdundo unausikia, lakini jicho likifika, uzi umeshapita mistari mitatu. Hapo jicho linatafuta pa kushika, na pa kushika ni ule mstari mrefu wenye namba pembeni. 130. 140. 150.

Bibi niliyemtaja alikuja Jumapili, mchana. Nilimwita dama, ambalo neno kwa neno ni mama mkubwa. Lugha hizi mbili zimekutana hapo bila kujuana. Alikuwa na kilemba cha sufu na mkono mwembamba sana. Mdundo wa kwanza niliusikia mahali fulani baada ya 140 kupita. Nikaandika 140. Mara ya pili vilevile. Akaniuliza ngapi, na mimi kwa kujivunia Kichina changu nikamtangazia kwa sauti, mia na arobaini! Shixiong alikuwa ametukataza kutaja namba. Wazee wawili nyuma yake wakarudia: mia na arobaini. Akachukua taulo lake, akashukuru, akaondoka taratibu.

Jumatatu jioni mwalimu wetu aliniita ofisini. Alikuwa mama wa makamo, msemaji wa polepole, mwenye chupa ya chai isiyoisha. Shixiong alikuwa ameketi pembeni anaangalia viatu. Mlango ulifungwa, na mpaka leo namshukuru kwa huo mlango.

Kwenye kompyuta kulikuwa na grafu tatu, moja kwa kila mpimaji. Alikuwa amehesabu tarakimu za mwisho za presha ya juu, basi. Hakuangalia kingine. Za shixiong zilikuwa nguzo tano karibu sawa, kama meno. Za mwenzetu wa tatu, hivyo hivyo. Zangu zilikuwa mnara mmoja na vibanda. Nilipima watu 96, vipimo 192. Vilivyoishia na sifuri vilikuwa 121. Mkono mwaminifu ungepata kama 38.

Nikasema labda wazee wa upande wangu walikuwa hivyo.

Hakunijibu. Alinyoosha kidole kwenye kibanda kimoja kidogo, chenye vipimo 11. "Hizi zimeishia na tano. Hapa umeandika 135. Umeiona wapi?"

"Kwenye kipimo, Mwalimu."

"Nionyeshe."

Akatoa kabatini kipimo cha zebaki, akakifungua mezani, akanisogezea taa. Niliinama. 130, 132, 134, 136, 138. Mistari ilikuwa ya mbilimbili, kwa hiyo tarakimu za mwisho ni tano tu, na sifuri ilistahili moja ya tano ya vipimo vyangu. Nimekitumia kipimo hicho miaka mitatu na sijawahi kuona kwamba 135 haimo. Niliitafuta kwa kidole hata hivyo, juu na chini, kama mtu anayepapasa mifuko akijua funguo amezisahau nyumbani. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikasikia maji ya moto yakinguruma kwenye bomba la kupashia chumba.

"Chabuduo," alisema mwishowe. Karibu sawa. "Ndilo neno mnalolijua mapema kuliko yote mkija kwetu."

Kisha akaeleza, bila kupandisha sauti, kitu ambacho darasani nilikipita mbio. Mstari wa kuingia kundi la presha ni 140 kamili. Mtu wa 138 nikimsogeza mpaka 140, sijakosea milimita mbili tu, nimemhamisha nyumba. Nikihamisha watu ishirini hivyo, chumvi ya kundi moja inachanganyika na ya jingine, na swali la shixiong linakufa kabla halijajibiwa.

Njia nyepesi zilikuwepo. Mtu mwingine angeziacha namba zangu ndani, na nani angejua? Madaktari wa China miaka ile walipandishwa vyeo kwa kuhesabiwa makala walizochapisha, hata daktari wa upasuaji ambaye hajalala siku mbili. Serikali yenyewe ilitoa maagizo mwaka 2020 kuupunguza mtindo huo. Nimewasikia watu wakizicheka takwimu za Wachina kwa jumla jumla, na sijui niseme nini, kwa sababu takwimu mbovu nilizoziona kwa karibu zaidi kule zilikuwa za kwangu mimi, mtu wa Tanga. Mwalimu alikata ukurasa wa kalenda, akaandika neno moja: Jumamosi. Basi lingekodiwa tena. Wote 96 wangepimwa upya. Akamwambia shixiong anunue taulo nyingine.

Mwaka 2021, nikiwa zamu ya usiku nyumbani, nilisoma matokeo ya utafiti mkubwa wa chumvi uliofanyika katika vijiji 600 vya mikoa mitano ya kaskazini mwa China, Liaoning ukiwemo. Ulikuwa ukiendelea wakati uleule tunahangaika na taulo zetu, ingawa sisi hatukuhusika nao. Watu 20,995, wengi wao waliowahi kupata kiharusi, wengine wazee wenye presha. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya ile ya kawaida, wakafuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Wenzangu walipigia mstari hiyo 14. Mimi niliwaza mikono: nani alikuwa anakunja mikono ya makoti ya pamba katika vijiji 600, na koki aliifungua kiasi gani.

Jumamosi tulirudi. Kwenye basi shixiong hakusema kitu, ila alinipa chungwa. Alikuwa amekuja na stetoskopu ya kufundishia, yenye shina moja na masikio ya watu wawili. Tulikaa bega kwa bega kama mapacha walioungana, tukisikiliza mkono mmoja, kila mmoja akiandika kwenye karatasi yake bila kuonyesha. Tukipishana zaidi ya milimita nne, tunarudia. Koki aliishika yeye kwa wale kumi wa mwanzo, kisha akaniachia. Milimita mbili, sekunde. Milimita mbili, sekunde. Nilikuwa nahesabu kwa Kiswahili kichwani.

Walikuja 89. Dama hakuja. Alasiri nilimuuliza daktari wa kijiji, naye akaniangalia kwa muda.

"Yule uliyemwambia ana presha? Amejifungia. Mtungi wa kabichi ameupeleka kwa jirani. Nimemweleza kwamba presha haithibitishwi kwa siku moja, lazima nimpime siku nyingine mbili, hataki kusikia. Anasema daifu wa kigeni ameshasema."

Daifu ni daktari. Sikuwa daktari.

Tulimfuata kwake sisi watatu. Alikuwa amekaa juu ya kang, kile kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, na aliponiona alianza kuvua koti kabla sijasema neno. Tukamwacha apumzike. Daktari wa kijiji alisimama nyuma yangu, akainama mpaka kidevu kikagusa bega langu, ili naye aone zebaki. Nililegeza koki. Uzi ukateremka mstari kwa mstari. 140 ilipita kimya. 138 kimya. Mdundo ukaja.

Nikaandika 136. Shixiong aligeuza karatasi yake: 136. Tukasubiri dakika mbili, jiko likilia. Mara ya pili, 134, sote wawili. Ya chini ilikuwa 82, mara zote mbili.

"Wastani," alisema shixiong, kalamu mkononi. Kisha akanyamaza, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akacheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa 135.

Dama alitaka kujua kinachochekesha. Daktari wa kijiji alinisukuma kidogo mgongoni. "Mwambie mwenyewe. Wewe ndiye uliyemtia hofu."

Nilimwambia kwamba nilikosea, kwamba si mia na arobaini. Alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo kabichi yangu?"

Nikamgeukia daktari wa kijiji.

"Kijiko," alisema. "Si bakuli."

Lakini alikuwa ameshashuka kitandani, anatafuta viatu, aende kwa jirani kabla haijaliwa yote.