Siku moja na matone ya polio, Tunduma

Saa 12 asubuhi niko zahanati, napanga barafu kwenye kibebeo cha chanjo. Kichupa kimoja ni cha watoto 20. Kwenye lebo kuna mraba mweupe ndani ya duara la zambarau. Joto likiingia mraba unakoza, ukishafanana na duara, kichupa kinatupwa. Ndiyo maana nalikumbatia boksi hili kama kichanga.

Ni Machi 2022. Mwezi uliopita Malawi ilitangaza mtoto aliyepooza kwa polio Lilongwe, nasi wa mikoa ya jirani, Songwe, Mbeya, Njombe na Ruvuma, tunapita mlango kwa mlango kutafuta kila mtoto wa chini ya miaka 5.

Saa 1 hadi saa 4: nyumba 31. Hodi, shikamoo, matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, chaki mlangoni, twende. Watoto wawili wamevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na mama yao. Tutarudi.

Saa 4 na robo, nyumba ya 32. Bibi kasimama mlangoni, mjukuu kajificha kwenye kanga yake.

"Hiyo ni korona, mmeibadilisha jina tu."

"Hapana bibi, hii ni ya kupooza. Hata wanao walipewa."

"Juzi nimempeleka huyuhuyu ana homa, nikaambiwa dawa hakuna, nikanunue. Leo mnanifuata mpaka mlangoni, tena bure. Kuna nini?"

Sikuwa na jibu, maana hapo kasema kweli. Mjumbe akaanza habari za kumwita mtendaji, nikamkata jicho. Ukishamtisha mtu, umempoteza yeye na majirani zake wote.

Bibi akasema baba wa mtoto ndiye muamuzi, dereva wa lori, yuko njia ya Lusaka. Simu haipatikani. Tukasubiri. Akanisogezea ungo, nikachambua naye maharage. Karani akanong'ona muda unakwenda. Najua. Dakika 40 baadaye simu ikaita.

"Ni sindano?"

"Hapana baba, matone tu."

"Daktari, una uhakika?"

Mimi si daktari, ni mhudumu wa afya wa mtaa, ila siku hiyo nilinyamaza. "Ninao."

"Haya, mpe."

Mtoto akatema yote begani kwangu. Akitema, unarudia. Nikambana mashavu taratibu, yakaingia, akanitazama kama mwizi.

Baadaye mvua. Chaki ikafutika, tukawa tunagonga nyumba tulizokwishapita, watoto wanatutolea vidole vyenye wino kutucheka. Tope likameza kandambili yangu moja. Kula sikumbuki. Wale wa Nakonde tuliwakuta giza linaingia, mmoja kalala. Tone la pili likamwamsha.

Zahanati, msimamizi akapekua fomu: mbona asubuhi umekaa nyumba moja karibu saa nzima? Nikageuza bega aone doa. Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu ya kueleza. Nikamkabidhi boksi, nikaenda kutafuta kandambili.