Shikamoo babu, shikamoo babu

Jana usiku binti yangu kaniletea karatasi ya shule, mti wa ukoo, kila mtu na kisanduku chake, jina, alizaliwa wapi, kazikwa wapi. Alijaza vizuri tu mpaka akafika kwa mdogo wake babu yangu, yule aliyekwenda keya, jeshi la Waingereza. "Mama, huyu kazikwa wapi?" Nikamwambia andika Bama, yaani Burma, kule kwenye vita ya pili ya dunia. Akauliza Bama sehemu gani. Nikajifanya naangalia wali jikoni.

Nikiwa pale kwenye jiko ndo Chasselay ikanijia, kule Ufaransa.

Ilikuwa ile safari ya kempa, yeye ana miaka mitano, wiki mbili tunalala kwenye gari, meza ikikunjwa inakuwa kitanda, chai ya tangawizi naipikia kwenye jiko dogo la gesi mlango ukiwa wazi. Tulianzia Trier, Ujerumani, kwenye lile lango la Warumi, Porta Nigra, mawe meusi kabisa kama chungu cha kuni. Halafu Verdun, Ufaransa. Pale Douaumont kuna jengo lenye mifupa ya wanajeshi kama 130,000 wasiojulikana, Wafaransa na Wajerumani pamoja, waliouana mwaka 1916, unainama unaichungulia kwa vidirisha vya chini. Baba watoto siku ile hakula. Tukaendesha kuelekea kusini, mvua, foleni, mvua tena.

Chasselay nilitumwa na jirani yetu Mkongo. Kabla hatujaondoka alisema mkifika karibu na Lyon msipite hivihivi, nendeni mkawasalimie wale. Makaburi yenyewe yanaitwa Tata, na kule Afrika Magharibi neno hilo ni boma, ngome ya udongo, lakini yeye akasema kwetu tata ni baba, kwa hiyo mkawasalimie akina baba.

Jamani, unatoka barabarani, ni mashamba tu ya Wafaransa pande zote, kijani, kimya, halafu unaona ukuta mwekundu. Mwekundu wa Iringa. Juu yake vinara vimechongoka kama vya misikiti ya udongo ya kule Mali, na mlango wa mbao umechongwa sura za watu. Mtoto mwaka mmoja kabla nilikuwa nimempeleka nyumbani, akashuka kwenye kempa, akasimama, akaniuliza, "Mama, hapa Iringa?"

Sikuweza kumjibu haraka. Udongo mwingine wa pale ulitoka Afrika kweli, uliletwa kwa ndege kutoka Dakar, ili waliolala pale wafunikwe na udongo wa kwao. Waliolala ni askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa, karibu 200, waliambiwa wazuie Wajerumani wasiingie Lyon, Juni 1940, wakati Lyon yenyewe ilishatangazwa mji wa wazi usiopiganiwa. Walipigana tarehe 19 na 20. Walipoishiwa nguvu na kukamatwa, Wajerumani wakawatenga, weupe huku, weusi kule, na weusi wengi wakapigwa risasi palepale kwenye mashamba. Walikuwa wameshaweka silaha chini. Vita vilikuwa bado vinaendelea pale makaburi haya yalipofunguliwa, Novemba 1942, kuna watu walihangaika kuwaokota mmoja mmoja, na mimi nawashukuru watu hao mpaka leo ingawa hatujuani.

Mimi na baba watoto tukawa tunasoma mawe. Mengine yana majina, mengine yameandikwa *Inconnu*, hajulikani. Nikasoma moja, la pili, la tatu, nikashindwa kuendelea, nikawa namfikiria bibi yangu alivyokuwa anasema shemeji yake kaondoka na viatu vipya vya serikali, akapanda meli Mombasa, basi.

Ndo nikasikia sauti ya mtoto nyuma yangu. "Shikamoo babu." Kimya kidogo. "Shikamoo babu." Nikageuka. Alikuwa anapita safu nzima, jiwe kwa jiwe, mkono mmoja anagusa jiwe kwa juu, anainama kidogo kama tulivyomfundisha, hakuruka hata mmoja. Koti lake la mvua la njano, viatu vimejaa matope mekundu. Wale waliolala pale wengi walikuwa vijana, wenye umri wa wajomba zake, lakini kwake wote ni babu. Alipofika mwisho wa safu akanirudia amenuna, "Mama, hawaitikii."

Shikamoo haiachwi ielee hewani, kwetu ni vibaya sana. Nikamwambia, "Marahaba mwanangu." Akaridhika, akaanza safu ya pili, na mimi nikasimama pale naitikia, marahaba, marahaba, marahaba, mpaka sauti ikakata na baba watoto akaja kunipokea kuitikia. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki ya kuitikia kwa niaba ya watu ambao mama zao walisubiri huko Guinea, huko Burkina, ambao hata Kiswahili hawakukijua. Na huko Bama sijui kama kuna mtoto wa mtu amewahi kupita.

Nilipotoka jikoni nilikuta binti yangu bado anakitazama kile kisanduku. Nikamuuliza unakumbuka wale babu wa Ufaransa? Akasema anakumbuka ukuta mwekundu, na kwamba mimi nilikuwa nalia na nilimwambia ni mvua. Halafu akauliza kama anaruhusiwa kuandika "hajulikani". Nikasema hapana, huyu anajulikana, mimi namjua, bibi alinisimulia mpaka alivyokuwa anacheka.

Asubuhi nimeifungua karatasi kabla hajaamka. Kaandika Bama kwa penseli, hafifu sana, na mbele yake kaacha nafasi.